Upofu wa rangi haupiti kwenye ukoo tunaouhesabu

Agosti 3, 1858, Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi waliotoka naye Kaze, Tabora ya leo, alilitazama ziwa akiwa mwambao wa kusini, karibu na hapa palipo Mwanza. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza. Yeye akaliandika kwa jina la malkia wake. Hakujua kwamba malkia huyo angekuja kutajwa katika vitabu vya elimu ya urithi dunia nzima kama mbebaji (mwenye jeni yenye kasoro ambaye kwa kawaida haugui) wa himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Mwaka huo Leopold, mtoto wa nane wa Victoria, alikuwa na miaka 5 na tayari alikuwa akilelewa kwa tahadhari, maana jeraha dogo tu lilimletea shida. Alifariki mwaka 1884, akiwa na miaka 30, baada ya kuteleza na kuanguka.

Ukiifuatilia familia ile unaona vitu viwili vikirithiwa kwa njia mbili. Kiti cha enzi kilikwenda kwa mwana wa kiume, Edward wa Saba, mwaka 1901. Yeye hakuwa na ugonjwa, kwa hiyo hakuwa na cha kuwarithisha waliomfuata. Himofilia ikashika njia ya mabinti. Alice aliolewa Ujerumani. Binti yake Alix akaolewa Urusi, akamzaa Alexei mwaka 1904, mrithi wa Tsar Nicholas wa Pili na kitukuu wa Victoria. Binti mwingine wa Victoria, Beatrice, akamzaa binti aliyeolewa na mfalme wa Hispania, na huko nako wakapatikana wavulana wenye ugonjwa. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza mabaki ya familia ya Tsar walithibitisha kwamba ilikuwa himofilia B, mojawapo ya aina za ugonjwa huo. Mtu akisoma orodha ya wafalme wa Uingereza peke yake haoni lolote. Ugonjwa umepita kwenye majina ambayo orodha hiyo haina kazi nayo.

Huku Kanda ya Ziwa nasi orodha zetu ni za aina hiyo. Kwa Wasukuma, ng'ombe wakishatolewa watoto ni wa upande wa mume. Wajita, Wakerewe, Wakurya na Wajaluo kila mmoja ana taratibu zake, lakini mwite kijana yeyote wa Ilemela au Nyamagana umwambie akutajie wazee wake: atakupa baba, babu, baba wa babu, na kama kalelewa karibu na wazee atafika mbali kuliko unavyotaka. Sasa mwulize jina la baba yake bibi mzaa mama. Atakuna kichwa. Mwulize kama mzee huyo alikuwa akitofautisha embe bivu na bichi kwa kutazama tu, atakuona umechanganyikiwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwa hali zote zinazorithiwa kupitia kromosomu ya X (moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), na upofu wa rangi, yaani kushindwa kutofautisha baadhi ya rangi, ndio unaofahamika zaidi, ushahidi uko upande wa mama, kwa wajomba, kwa babu mzaa mama, kwa watoto wa mama wadogo. Sisi tunatunza kumbukumbu za upande wa pili. Ushahidi ukikosekana, nafasi yake haikai wazi. Inajazwa na maneno. Mke katuletea. Mtoto si wetu. Kuna mkono wa mtu.

Utaratibu wenyewe hauna mkono wa mtu. Binadamu ana kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jozi moja ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Mama hana cha kutoa ila X. Baba akitoa X anazaliwa binti, akitoa Y anazaliwa mvulana. (Wale wanaoongeza mke kwa kisingizio kwamba wa kwanza "anazaa mabinti tu" wairudie sentensi hiyo.) X ni kubwa, ina jeni zaidi ya 800, na nyingi hazina uhusiano wowote na mambo ya uke au uume: nyingine zinahusika na kuona rangi, nyingine kugandisha damu, nyingine kuzilinda chembe nyekundu za damu. Y ni ndogo, na nyingi ya jeni hizo haina nakala yake.

Hapo ndipo tofauti ya mwanamume na mwanamke inapoanza. Mwanamke ni mtumbwi wenye injini mbili. Moja ikigoma, anafika Ukerewe na nyingine. Mwanamume anayo moja, ikigoma ndiyo basi. Mfano huo unasaidia lakini haujatimia, maana mwaka 1961 Mwingereza Mary Lyon alieleza kwamba katika kila seli ya mwili wa kike X moja hunyamazishwa mapema kabisa mtoto akiwa tumboni, na seli tofauti hunyamazisha X tofauti. Mwili wa mwanamke mbebaji kwa hiyo ni mchanganyiko: seli hizi zinatumia X nzima, zile zinatumia yenye kasoro. Kwa kawaida zilizo nzima zinatosha. Mara chache mgawanyo unalemea upande mmoja, na mwanamke mbebaji anapata dalili ambazo kwa hesabu ya darasani hakutakiwa kuzipata. Tutarudi kwake baadaye.

Mama mbebaji akizaa na mwanamume asiye na tatizo, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata hali hiyo, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Hesabu huanza upya kila mimba. Wavulana watatu wanaweza kusalimika wote au kupatwa wote, na mama ni yuleyule. Baba mwenye hali hiyo hampi mwanawe wa kiume, kwa kuwa mwanawe amepokea Y. Mabinti zake wote, bila kukosa hata mmoja, wanaipokea X ile, maana baba hana nyingine ya kuwapa. Njia inakuwa babu, binti, mjukuu. Katikati yuko mwanamke anayeona rangi zote vizuri na ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

Wazungu nao walichukua muda kuielewa njia hii. John Dalton, mwanakemia wa Manchester, alieleza mwaka 1794 kwamba yeye na ndugu yake waliona rangi tofauti na watu wengine. Wawili hao, watoto wa mama mmoja! Lakini Dalton hakufuata njia hiyo. Alidhani ndani ya jicho lake kuna majimaji ya bluu yanayochuja mwanga, akaagiza macho yake yapasuliwe akifa. Alifariki mwaka 1844, yakapasuliwa, majimaji yakakutwa safi. Mabaki ya jicho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 yalipimwa vinasaba: alikosa jeni ya kipokezi cha kijani, kile cha ndani ya jicho kinachopokea mwanga wa rangi hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1876, daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, alikuwa amezifuatilia koo na kuandika kanuni ya babu kwenda kwa mjukuu kupitia binti, bila kujua kromosomu ni nini. Jibu la kromosomu lilikuja mwaka 1911 kwa Edmund Beecher Wilson wa Marekani, mwaka mmoja baada ya Thomas Hunt Morgan kuona katika nzi wa matunda macho meupe yakirithiwa kwa njia hiyohiyo. Nami naona Horner ndiye aliyefanya kazi ambayo sisi tungeweza kuifanya leo bila maabara. Aliuliza habari za upande wa mama.

Jeni za kipokezi cha nyekundu na cha kijani zimekaa jirani, zimepangana kwenye ncha ya X, na zinafanana mno. Wakati yai linatengenezwa, X mbili za mama hubadilishana vipande, na kwa sababu ya kufanana huko wakati mwingine hukosea mpangilio: upande mmoja unapoteza jeni, mwingine unapata jeni chotara, nusu nyekundu nusu kijani. Mtoto wa kiume akirithi mpangilio huo anachanganya rangi za ukanda huo. Anaona rangi, hilo lieleweke. Haoni dunia ya picha nyeusi na nyeupe kama watu wanavyodhani. Bluu na njano anaziona vizuri, kwa kuwa jeni ya kipokezi cha bluu iko kwenye kromosomu ya 7, mbali kabisa na mgogoro huu. Kutoona rangi yoyote kabisa ni ugonjwa mwingine, wa nadra, wenye njia nyingine ya kurithiwa.

Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaume karibu 8 kwa kila 100 wana hali hii, na wanawake karibu mmoja kwa kila 200. Afrika idadi iliyopatikana kwenye tafiti ni ndogo zaidi. Tuseme kwa ajili ya hesabu tu kwamba mahali fulani wanaume wenye hali hii ni 3 kwa 100. Kwa kuwa kila mwanamke anabeba X mbili, wanawake wabebaji mahali hapo watakuwa karibu 6 kwa 100, mara mbili ya wanaume wanaoonekana. Wanawake wenye upofu wa rangi wenyewe hawafiki hata mmoja kwa 1,000, kwa sababu mwanamke lazima apate X yenye kasoro pande zote mbili. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya jambo hili imekaa kwa watu wasio na dalili. Ukihesabu wagonjwa umehesabu ncha tu.

Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, samaki wanaposhushwa, utaona kwa nini jambo hili si la vitabuni. Mnunuzi wa sangara au sato hufunua matamvua na kutazama wekundu wake. Wakibadilika kuwa kahawia, bei inashuka. Mwenye upofu wa rangi hapo hana kipimo hicho. Wengi hujifunza kunusa, kubonyeza nyama kwa kidole, kutazama jicho la samaki, na wanakuwa wanunuzi wazuri tu bila kujua kwamba wanatumia njia nyingine. Ndiyo maana wengi hawagunduliki. Mtoto darasani anayepaka majani rangi ya udongo anaambiwa ana utani, anachapwa, anajifunza kusoma jina lililoandikwa kwenye penseli ya rangi, mambo yanaisha. Yanarudi akitaka kazi. Chombo cha majini usiku huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na kwa taa hizo nahodha wa upande wa pili anajua unaelekea wapi. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 nayo inaendeshwa kwa ishara. Upimaji wa rangi kwa wafanyakazi wa reli ulianzia Sweden baada ya ajali ya treni ya Lagerlunda mwaka 1875, mwanasayansi Frithiof Holmgren alipowashawishi wakuu wa reli wawapime watu wao kwa kutumia nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Vile vitabu vya vidoti vyenye tarakimu ndani yake ni vya Mjapani Shinobu Ishihara, vya mwaka 1917, na bado vinatumika. Kijana anasomea ufundi umeme miaka kadhaa, anafika kwenye usaili, anafunguliwa kitabu cha vidoti, na hapo ndipo yeye na familia yake wanasikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Dakika 5 za kupimwa akiwa darasa la tano zingemwepusha. Kama shule zinaweza kupima uoni wa mbali kwa chati ya ukutani, hili nalo linawezekana, na gharama yake ni kitabu kimoja kinachozungushwa kata nzima.

Sasa nifike kwenye mtego ambao umewanasa watu wenye akili zao. Baba ana upofu wa rangi. Mwanawe wa kiume anao pia. Ukoo mzima unatabasamu: mtoto wa nyoka ni nyoka, kafanana na baba yake mpaka macho. Hapana. Baba hakumpa mtoto huyo X, alimpa Y. Upofu wa rangi wa mtoto umetoka kwa mama, ambaye ni mbebaji kutokana na ukoo wake mwenyewe, na kukutana kwa wawili hao katika ndoa moja ni bahati tu. Kama wangepata binti ndipo mchango wa baba ungeonekana. Ushahidi ambao kila mtu aliona kwa macho kuwa unathibitisha ubaba hauthibitishi chochote.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Baba anaona rangi vizuri, babu mzaa baba vizuri, baba wadogo wote vizuri, mtoto wa kiume anashindwa. Upande wa mume unaanza kunong'ona, na mawifi hawakawii. Lakini hivyo ndivyo hali hii inavyotakiwa kuonekana: baba asiyekuwa nayo, upande wa baba usiokuwa nayo, mtoto anayo. Hakuna hata chembe ya shaka juu ya ubaba katika habari hiyo. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na walikuwa wakilinda amani ya nyumba kwa busara. Katika jambo hili wangeweza kuilinda kwa biolojia pia.

Kuna watu waliosoma kidogo wanaojaribu kuligeuza: binti mwenye upofu wa rangi, baba asiyekuwa nao, basi baba si yeye. Hoja hiyo ina nguvu kidogo, maana binti kwa kawaida huhitaji X yenye kasoro kutoka kwa baba pia. Ila kumbuka mwanamke mbebaji ambaye mgawanyo wa seli zake umelemea upande mmoja. Kumbuka pia mabinti wachache wanaozaliwa na X moja tu, na mabadiliko mapya ya jeni, na magonjwa ya macho au dawa zinazoharibu uoni wa rangi ukubwani. Kuvunja ndoa kwa kitabu cha vidoti ni upuuzi. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na swali la ubaba lina mahali pake, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa utaratibu.

Upofu wa rangi hauui, na ndiyo maana naweza kuuandikia kwa utulivu. Jirani zake kwenye X si wapole hivyo. Pale kwenye ncha ya kromosomu, karibu na jeni za rangi, ipo jeni ya himofilia A, na ipo jeni ya kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Ukaribu wa rangi na himofilia uligunduliwa zamani: mwaka 1937 wanasayansi Julia Bell na J.B.S. Haldane walionyesha, kwa kufuatilia koo, kwamba hali hizo mbili zikiwa kwenye X moja husafiri pamoja. Huo ndio uliokuwa mfano wa kwanza kwa binadamu wa jeni mbili kuonekana zimefungana, miongo mingi kabla mtu hajasoma herufi moja ya DNA.

G6PD inatuhusu sisi wa ziwani moja kwa moja kwa sababu ya malaria. Upungufu wake umeenea zaidi pale malaria ilipoenea, Afrika ikiwa mojawapo, na maelezo yanayokubalika ni kwamba unampa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mwenye upungufu huu anaishi miaka yote bila kujijua. Akipewa dawa fulani, chembe nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi, damu inapungua ghafla. Primakwini, dawa ya malaria, ni mojawapo ya dawa hizo kwa dozi kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2012 dozi moja ndogo ya kuzuia maambukizi, lilichagua miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito ili iweze kutolewa bila kupima G6PD kwanza. Dapsoni ni nyingine: mwaka 2008 dawa ya malaria iliyokuwa nayo ndani iliondolewa sokoni baada ya kuonekana inawapunguzia damu watoto wenye upungufu huu. Njia ya kurithi ni ileile. Kama mjomba "alikaribia kufa kwa dawa" na familia ikasema karogwa, mhudumu wa afya anatakiwa asikie habari hiyo kabla hajaandika dawa.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Nimeshasikia watu wakichukua nusu ya elimu hii na kuifanya fimbo: "Wataalamu wamesema, magonjwa ya kurithi ni ya upande wa mama." Hawajasema hivyo. Maradhi makubwa ya kurithi tunayoyaona kila siku Kanda ya Ziwa hayako kwenye X. Sikoseli, ambayo kanda hii ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi nchini na ambayo hospitali ya Bugando inaifahamu vizuri sana, inatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Mtoto hupata ugonjwa anaporithi nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ualbino wa ngozi, nywele na macho nao uko hivyohivyo. Kila mzazi katoa sehemu yake. Akina mama wa watoto wenye ualbino katika mwambao huu, Ukerewe ikiwamo, wamebeba aibu ya kitu ambacho waume zao walichangia nusu kamili, na sote tunajua ujinga kuhusu ualbino ulitufikisha kwenye mauaji. Yeyote atakayesoma makala hii na kwenda kumwonyesha mkewe kidole ameisoma kichwa chini.

Hata kwa zile za X, kusema mama "kaleta" ni kusema kitu kisicho na maana. Naye alipokea kutoka kwa mtu, mara nyingi baba yake, yaani mwanamume. Jeni haikuanzia kwake, haikumwomba ruhusa, na nusu ya wanawe hawaipati.

Himofilia ndiyo inayonifanya niandike kwa haraka kidogo. Himofilia A hutokea kwa takribani mtoto mmoja kwa kila wavulana 5,000 wanaozaliwa, himofilia B ni nadra zaidi. Mahali ambapo hujidhihirisha mapema ni tohara. Wayahudi wa kale walikwisha kuliona hilo: Talmudi inasema mwanamke ambaye watoto wake wa kiume wamekufa kwa tohara, anayefuata asitahiriwe, na inasimulia habari ya akina dada ambao watoto wao walikufa mmoja baada ya mwingine, dada wa nne akazuiwa asimtahiri wa kwake. Waliangalia dada wa mama. Walihesabu upande sahihi zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Horner.

Wasukuma kwa asili hawakuwa na tohara ya jadi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza tohara ya wanaume kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya VVU, Mwanza, Shinyanga, Mara, Kagera na Tabora zikawa miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele Tanzania, na vijana wengi wametahiriwa kwenye kambi na zahanati. Mimi naiunga mkono kampeni hiyo bila kusita. Lakini tazama hali ilivyo: katika ukoo ambao babu na wajomba hawakutahiriwa, ile ajali ya kwanza ambayo jamii nyingine wangeikumbuka kwa vizazi haikutokea. Kumbukumbu haipo. Kijana anaulizwa mezani, "Kwenu kuna mtu mwenye tatizo la kutokwa damu?" Anafikiria kwa baba yake, babu yake, baba zake wadogo. Anajibu hakuna. Kajibu kwa uaminifu, na kajibu kuhusu watu ambao hawana uhusiano na swali.

Swali liulizwe hivi: Je, mjomba wako yeyote, au babu mzaa mama, au mtoto wa kiume wa mama mdogo au mama mkubwa, aliwahi kung'olewa jino damu ikatoka siku nzima? Aliwahi kuvimba goti bila kuumia? Kuna kaka yako, wa mama mmoja hata kama baba tofauti, aliyefariki mdogo kwa kutokwa damu? Maswali haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mama wa kijana awepo au apigiwe simu, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Na kwa kuwa utafiti uliofanyika vijiji vya mkoa wa Mwanza na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 ulionyesha kwamba viongozi wa makanisa wakielimishwa, wanaume wengi zaidi hujitokeza kutahiriwa, sioni kwa nini wachungaji haohao wasiambiwe pia kuwakumbusha vijana: kabla hujaenda, zungumza na mama yako kuhusu kaka zake.

Mvulana akishagundulika, wanaohitaji kupewa habari si ukoo wa baba yake uliokusanyika kwenye kikao. Ni dada zake, ambao kama mama yao ni mbebaji kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji naye. Ni mama wadogo na mabinti zao, waliotawanyika kwa ndoa Geita, Bunda, Sengerema, wenye majina ya koo nyingine. Baadhi yao damu yao wenyewe huganda kwa shida. Hedhi nzito isiyokwisha na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua vinaweza kuwa dalili, na mkunga akijua mapema anajiandaa. Himofilia ikithibitishwa kwa mwanamume mwenye mabinti, hao hakuna haja ya kuwakisia: wote ni wabebaji.

Na kuna familia ambazo maswali yote hayo yataulizwa na hakuna kitakachopatikana. Karibu theluthi moja ya wenye himofilia kali hawana historia yoyote kwenye ukoo. Mabadiliko ya jeni yametokea upya, kama inavyodhaniwa yalitokea kwa Victoria au kwa mzazi wake, kwani hakuna ushahidi wa ugonjwa huo kabla yao. Kwa familia hizo hakuna mjomba wa kuulizwa. Kinachobaki ni mvulana kuwa na karatasi yenye jina la ugonjwa wake, na daktari wa meno kuisoma kabla hajashika koleo.